Seli zimeharibika, lakini nani kaziharibu?

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma maabara, mwaka wa pili. Tumefundishwa kutafuta sumu ya Clostridium difficile, bakteria anayeharisha watu, kwa kuweka maji ya kinyesi cha mgonjwa kwenye seli hai. Vishimo ni viwili, na kimoja kinatiwa antitoksini, yaani kizuia sumu hiyo. Seli zikishakufa si jibu tayari? Hicho cha pili cha nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, bado. Choo kina mengi ya kuua seli: nyongo, vimeng'enya, dawa alizomeza mgonjwa. Tunakizungusha kwenye sentrifuji na kukichuja, sawa, lakini filta inazuia bakteria, nyongo inapita.

Sasa tazama vishimo vyote viwili. Seli zikiharibika kwenye kile kisicho na antitoksini na kusalimika kwenye chenye nayo, hiyo ni sumu B, moja ya sumu za bakteria huyu. Zikiharibika kotekote, huna la kuandika. Zimua sampuli zaidi, urudie. Vijana wengi hukimbilia kuandika “ipo” kwa kuangalia kishimo kimoja. Huko ni kumfunga mtu kwa kuwa alionekana jirani na maiti.

Halafu hilo neno “zimekufa” usiliharakishe. Seli tunazotumia, ziitwazo Vero, zilianza kuoteshwa Chiba, Japani, mwaka 1962, kutoka figo ya tumbili wa Afrika, jamaa wa hawa wanaotuibia mahindi. Zikiwa na afya hutandaa chini ya sahani, zimegusana. Sumu B huvuruga nyuzi zinazoshikilia umbo la seli, basi seli inajikunja na kuwa duara. Duara hizo ndizo unazotafuta kwenye hadubini. Angalia baada ya saa 24. Usipoona kitu, angalia tena saa 48.

Najua utauliza mbona tusioteshe bakteria mwenyewe yakaisha. Tunaotesha, ila wako wasiotengeneza sumu kabisa, na watoto wachanga wengi wanaye tumboni wala hawaumwi. Vipimo vya haraka navyo vipo, vinatoa majibu siku hiyo hiyo, lakini sumu ikiwa kidogo vingi vinaikosa. Seli haziikosi kirahisi.

Sampuli isipopimwa mara moja, iweke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda mezani kwenye joto sumu inavunjika, nawe utaandika “hakuna” kwa mgonjwa anayeendelea kuharisha wodini.