Andika x*2/3, usiandike 2/3*x

Mwaka jana nilikuwa naandaa majibu ya mazoezi ya tuisheni kwa vijana wa kidato cha sita hapa Mwanjelwa, Mbeya. Nikaona nisijichoshe kukokotoa kwa mkono, nikatumia SymPy, maktaba ya aljebra ya lugha ya Python. Nikachapa, nikatoa kopi, nikagawa. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Ticha, hii 0.666666666666667 mbele ya x imetoka wapi? Na mbona sita zote zimeishia na saba?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika 2/3*x, nikijua theluthi mbili itabaki theluthi mbili.

Usiku nikakaa na laptopu. Kumbe Python husoma kutoka kushoto. Ikikutana na 2/3 inagawanya palepale kwa namba zake yenyewe, inapata desimali, ndipo inakutana na x. SymPy inapoitwa kazini, sehemu imeshapotea. Ukiandika x*2/3, x anatangulia, SymPy inashika usukani tangu mwanzo, na theluthi inasalimika. Siku hizi sitegemei bahati ya mpangilio: naandika Rational(2, 3), au S(2)/3 nikiwa mvivu. Hali kadhalika kipeo (kwa Python huandikwa **): x**(1/2) kinageuka x**0.5, na SymPy haitakubali kwamba hicho na sqrt(x) ni kitu kimoja.

Anayenunua viazi huku kwetu ataelewa haraka. Chukua gunia lililopimwa kwenye mizani, kilo 100 kamili, ulijumlishe na lumbesa uliyoikadiria kwa macho. Jumla yako ni makadirio, hata ungeiandika kwa wino mwekundu. SageMath, programu nyingine ya hisabati inayotumia Python, inafuata busara hiyo: sehemu ikikutana na desimali, jibu ni desimali, desimali ya biti 100 (biti zikiwa nyingi, usahihi ni mkubwa) ikikutana na ya biti 10, jibu linashuka hadi biti 10. Nimesikia watu wakilalamika kwamba programu inawapunguzia usahihi. Usahihi upi? Ule wa lumbesa?

Lakini si kila kubadilisha aina ni hasara. Ukijumlisha 1/2 na polinomia ya namba kamili, kama 3x + 5, SageMath inavipeleka vyote kwenye polinomia za sehemu, na hakuna kinachomwagika njiani. Kwa hiyo jibu likikushangaza, kwanza angalia aina za namba zilizokutana: zilipanda kwenda mahali penye nafasi zaidi, au zilishuka?

Mtego mwingine ulinigharimu Jumamosi nzima. Ukiandika 1/2 ndani ya SageMath yenyewe unapata nusu halisi, kwa sababu inairekebisha mistari yako kabla ya kuikabidhi kwa Python. Hamishia mistari ileile kwenye faili la .py, yaani faili la kawaida la Python, msaada huo haupo: 1/2 inakuwa 0.5, na 2^3, uliyozoea iwe 8, inakuwa 1, maana kwa Python alama ^ si ya kipeo. Hakuna onyo lolote.

Ndiyo maana anayeanza namwelekeza FriCAS, programu nyingine ya aljebra, ingawa sura yake ni ya kizee. Chini ya kila jibu inaandika aina yake. Mpe 6/3, atakupa 2, na chini yake ameandika Fraction(Integer). Nilicheka mara ya kwanza. Mbili gani hiyo ya sehemu? Ila ukigawanya namba kamili hapo, jibu huishi kwenye nyumba ya sehemu, hata likitoka zima. Na ukitangaza mapema kwamba a ni Integer, yaani namba kamili, kisha ukampa 2/3, atakugomea waziwazi. Bora kugombezwa usiku ukiwa peke yako.

Kopi nilizirudia zote kwa hela yangu. Na ile saba? SymPy huonyesha tarakimu 15, ya mwisho ikakadiriwa juu. Wiki iliyofuata nikamweleza yule binti. Akasema alishajua, alitaka tu kuona kama na mimi najua.