Ulinzi wa mpaka wa Marekani: alipe Washington au alipe jimbo? Nawajibu kutoka San Antonio

Wakuu, mleta mada ameuliza ulinzi wa mpaka wa Marekani na Mexico ulipiwe na nani, serikali kuu au majimbo. Wengi mmesema jimbo lenye mpaka libebe mzigo wake, kwa kuwa watu wanaingilia kwake. Mimi naishi San Antonio, Texas, na kodi nalipa kotekote, jimboni na Washington. Sikubaliani na jibu hilo, na sababu yangu inaanzia Juni 2019.

Mwishoni mwa Mei mwaka ule, kundi la watu 116 kutoka Angola, Kameruni na Kongo lilivuka mto Rio Grande, ambao ndio mpaka wa Texas na Mexico, kwa mpigo mmoja, ukanda wa Del Rio. Wengine wakafuata. Askari wa doria ya mpakani, ambao ni wa serikali kuu, wakawaandikisha na kuwaachia wakasubiri kesi zao, na mamia wakajikuta hapa mjini kwetu. Mji ukatangaza kutafuta wanaojua Kifaransa. Mimi Kifaransa sina, nikaenda na Kiswahili changu, maana Wakongo wa mashariki tunaelewana.

Kulikuwa na mama mmoja wa Uvira, mtoto mgongoni, soli ya kiatu kimoja imefungiwa kamba ya plastiki tangu msitu wa Darién, ule wa kati ya Kolombia na Panama. Nikampelekea sahani ya wali na maharage. Hakuigusa. Akaniuliza, "Papa, hii chakula ni bei gani?" Nikamwambia hapana mama, ni bure, kula. Akala nusu, nusu akaifunga akaweka kwa ajili ya mtoto.

Swali lake sijalisahau. Kwake ilikuwa bure, lakini kuna aliyelipa: mji, mashirika ya kanisa, na watu waliokuja na sufuria kutoka majumbani kwao. Aliyeamua mama yule aachiwe San Antonio ni Washington. Aliyenunua mchele hakuulizwa kitu. Julai Washington ikatenga dola milioni 30 za kurudishia waliohudumia wahamiaji, na hizo zilikuwa za mpaka mzima. Wengi wa Wakongo wale walipanda basi hadi Portland, Maine, kaskazini kabisa, na mji ule ukawapokea zaidi ya 400 kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu. Maine inapakana na Kanada! Kwa hiyo hoja ya "kila jimbo libebe mpaka wake" inaishia hapo, kwa sababu mzigo haubaki mpakani.

Halafu kuna sheria. Uhamiaji ni mamlaka ya Washington. Arizona ilijaribu kujitungia sheria yake, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ikafuta vifungu vitatu kati ya vinne vilivyobishaniwa. Sasa kama jimbo haliruhusiwi kuamua nani aingie na nani arudishwe, kwa nini lidaiwe gharama?

Texas nao wana hoja, na nawaelewa. Desemba 2023 doria ilikamata karibu watu 250,000 kwenye mpaka wa kusini kwa mwezi mmoja. Mji kama Eagle Pass, ulio hapohapo mpakani Texas, una wakazi wasiofika 30,000. Mtu wa Eagle Pass akisema Washington ilimwacha peke yake, simbishii.

Lakini tazameni fedha zilivyokwenda. Gavana wetu Greg Abbott alianzisha Operation Lone Star, operesheni ya jimbo lenyewe ya kulinda mpaka, Machi 2021, na kufikia mwanzo wa 2025 jimbo lilikuwa limetumia zaidi ya dola bilioni 11. Texas haina kodi ya mapato, tunakamuliwa dukani: hapa San Antonio ukinunua shati la dola 20 unaongeza dola 1.65. Januari 2024 jimbo likaichukua bustani ya Shelby Park pale Eagle Pass na kuwazuia askari wa doria wa serikali kuu. Jimbo lilikuwa limetandaza seng'enge za wembe kandokando ya mto, na tarehe 22 mwezi huohuo Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikawaruhusu askari wa Washington wazikate. Jamani, mfuko wangu huuhuu umelipia seng'enge na umelipia mkasi wa kuikata. Hilo linaniuma kuliko kiasi chenyewe.

Aprili 2022 ilikuwa hivyohivyo. Jimbo liliamuru malori yanayotoka Mexico yakaguliwe upya baada ya kuwa yameshakaguliwa na forodha ya serikali kuu, na foleni zikaenda saa nyingi kwa zaidi ya wiki nzima, mboga na matunda yakiharibika njiani.

Julai 2025 ikapita sheria ya kutenga zaidi ya dola bilioni 10 za kurudishia majimbo gharama za mpaka tangu 2021. Hapo mtu wa Maine analipia seng'enge ya Texas ambayo hakuna aliyemshirikisha.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye amri ndiye alipe, na alipe yote. Washington ilipie doria, ilipie majaji (kesi za uhamiaji zilizokwama zimepita milioni 3), na ilipie sahani ya wali ya siku ya kwanza, fedha zikifika mjini kabla ya watu. Ikihitaji askari wa jimbo, waandikiane kwanza nani anaongoza na kwa bei gani. Jimbo likiamua kufanya lake bila makubaliano, bili ibaki kwake, na wapiga kura wake wamuulize gavana wao.

Kama kuna mkuu yuko El Paso au Arizona, atuambie mji wake ulirudishiwa kiasi gani na baada ya muda gani.