Kamati ya LC1: kubali, ila usigeuke fundi wa bure

Mdogo wangu, umeuliza kama ukikubali ukatibu wa LC1, kamati ya kijiji hapa Uganda, utaharibu kazi ya uhandisi wa umeme ambayo ndiyo kwanza unaianza. Mimi niliingia 2018, hapa Jinja. Watu walipanga mstari nyuma ya wagombea, mwenyekiti aliyeshinda akanitaja kwenye kamati yake, mkutano ukapitisha. Nikadhani kazi ni kuandika barua za utambulisho. Wapi!

Kikao cha kwanza, ajenda transfoma. Kila jioni fyuzi inakatika, upande wa msikitini giza, upande wa soko taa zinawaka. Wazee wakataka tuchange pesa tukadai transfoma kubwa, na daftari la majina lilishaanza kuzunguka. Nikaomba wiki moja.

Mafundi wa laini walipokuja kurudisha fyuzi, nikawaomba wapime kila fezi, yaani kila waya kati ya zile tatu za umeme, kwa ile mita ya kubana waya. Nyekundu ampia 178, njano 61, bluu 54. Uwezo wa transfoma ni kVA 100. Kwa volti 415, kila fezi inabeba kama ampia 139. Nafasi ilikuwepo tele. Ila wachomeleaji watatu pamoja na nyumba zote za msikitini walikuwa wamerundikwa kwenye nyekundu, maana kamyufu, fundi wa mtaani asiye na kibali, huunga waya ulio karibu na ngazi yake, basi.

Kwenye mkutano sikutaja ampia. Nilisema: boda tatu zipo stendi, abiria wanne wamepanda moja, na nyinyi mnataka kununua ya nne. Wakacheka, daftari likafungwa. Mafundi wakagawanya mzigo upya, fyuzi ikatulia.

Gharama yake? Mchomeleaji mmoja alikutwa hana hata mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Akaniuliza mbele ya watu, "Wewe ni mwenzetu au mtu wa kampuni?" Sikuwa na jibu zuri. Mpaka leo salamu yangu haiitikii, na karakana yake iko njiani kwangu.

Kazini hakuna lililoharibika. Nashinda na mota za kiwandani, vikao ni Jumapili. Hatari iko kwingine: saini. Mwenye nyumba za kupanga alinijia usiku, nimwandikie kwamba waya zake zimepimwa. Sijaingia hata chumba kimoja! Kibali cha kufunga umeme hutolewa na ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme, kwa jina lako wewe. Nyumba ikiungua, muhuri wa LC1 hautakukinga. Nilimkaribisha chai, nikamnyima saini. Kwenye hilo usione haya hata kama ni shemeji yako.

Na simu zitakuja. "Injinia, Yaka imekataa tokeni," saa sita usiku. Mimi humwambia namba ya dharura imebandikwa mlangoni kwa mwenyekiti, nageukia upande wa pili, nalala.