Bia chachu ya zabibu: ionje kama tonto ya siku ya tatu

Chupa yangu ya kwanza ya bia ya namna hii niliimwaga nusu nzima kwenye sinki la jikoni, nyumbani kwangu Kisugu, Kampala, na mpaka leo inaniuma. Shemeji alikuwa ameitoa California, kaiviringisha ndani ya sweta, akaifikisha Entebbe bila ufa. Lebo ilisema mambo matatu: imechachuka kwa hamira mwitu, imelala miezi kwenye pipa la mti wa mwaloni pamoja na zabibu za Cabernet Sauvignon, na ina kileo asilimia 10. Mimi nilichosoma ni neno "bia" tu. Nikaitia kwenye friza, nikaitoa ina ubaridi wa kuumiza meno, nikaimimina kwenye vikombe vikubwa vya kioo, nikawapa rafiki zangu watatu waliotoka juani na kiu yao. Mezani palikuwa na mbuzi wa kuchoma na pilipili nyingi. Wa kwanza alipiga funda, akakunja uso, akasema imeharibika. Tukamwamini.

Haikuwa imeharibika. Tangu siku hiyo nimeonja nyingine sita kwa miaka minne, zote zimekuja kwenye sanduku la mtu aliyekuwa akirudi nyumbani, na nimejifunza taratibu jinsi ya kuzikaribia. Ninachotaka kukuambia ni hiki: kama umekulia upande huu wa ziwa, ulimi wako ulishafundishwa zamani. Usiuache mlangoni kwa sababu chupa imeandikwa Kiingereza au Kifaransa.

Bibi yangu alikuwa akitengeneza tonto, pombe ya ndizi, huko Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Ng'ambo, kwa wajomba zangu Wahaya, huiita lubisi, na sisi watoto tulitumia majina yote mawili kulingana na nani anasikiliza. Ndizi zilikuwa za mbidde, zile ambazo ukizila zinakukausha kinywa. Zilifukiwa shimoni siku kadhaa mpaka ziive, zikamenywa, zikakamuliwa kwa nyasi mpaka maji yake yatoke, matamu kupita kiasi. Yakamiminwa kwenye mtumbwi wa mti pamoja na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba. Hakuna aliyetia hamira ya dukani. Hamira ilikuwa imo tayari: kwenye mtama, kwenye majani, kwenye nyufa za mtumbwi ambao haukupata kuonja sabuni. Usiku ukitega sikio ulisikia mchakacho mwembamba, kama manyunyu yanayoangukia majani makavu.

Siku ya pili ndiyo tonto iliyouzwa. Siku ya tatu utamu ulikuwa umekwisha, uchachu umeingia, na wateja wengi hawakuitaka tena. Hapo ndipo Bibi alipojaza kibuyu chake kidogo na kukaa nacho mlangoni hadi giza. Hakuigugumia. Alilowesha midomo, akakiweka chini, akasalimiana na mpita njia, akakirudia. Alikuwa na maneno mawili tofauti, "imechacha" na "imepita". Iliyochacha bado ilikuwa na harufu ya ndizi chini ya ule uchachu. Iliyopita ilikuwa siki tupu, ikamwagwa migombani.

Mtengenezaji wa bia hizi za zabibu anafanya kazi ileile ya Bibi, ila ana pipa badala ya mtumbwi, na miezi badala ya siku. Wabelgiji wa Brussels na vijiji vya jirani ndio wenye mila ndefu ya kazi hii kwa bia iitwayo lambic: maji ya shayiri na ngano yaliyochemshwa humwagwa kwenye sinia kubwa pana, yakaachwa wazi usiku wa baridi ili hewa iyaletee vijidudu vyake, kisha hulala kwenye mapipa mwaka mmoja hadi mitatu. Kiwanda cha Cantillon, kilichoanza mwaka 1900 hukohuko Brussels, hutia zabibu nyeupe za Muscat kwenye bia yake ya Vigneronne, na zabibu nyekundu za Merlot kwenye Saint-Lamvinus. Wamarekani walijifunza huko, nao wakapenda kuzifanya kali zaidi.

Ndani ya pipa wamo wafanyakazi wa aina mbalimbali. Bakteria wa laktiki ni jamaa wa wale wanaogandisha maziwa, na wao huleta uchachu laini. Hamira mwitu iitwayo Brettanomyces hufanya kazi polepole. Hula hata sukari ambazo hamira ya kawaida hushindwa nazo, ndiyo sababu bia hubaki kavu kabisa mdomoni, yaani bila utamu. Aliyeitenga mara ya kwanza ni Claussen, mtafiti wa maabara ya Carlsberg kule Denmark, mwaka 1904, akiichunguza bia ya Kiingereza iliyokomaa, na jina lenyewe maana yake ni kuvu wa Uingereza. Kisha zinaingia zabibu. Zabibu za mvinyo zikivunwa zina sukari ya asilimia 20 hivi au zaidi, na sukari hiyo yote huliwa tena mle pipani. Kwa hiyo usitegemee juisi. Kinachobaki ni rangi, harufu, na ukakasi wa maganda na kokwa. Wengi wanaovunjika moyo huvunjika moyo hapa: wamesoma "zabibu" wakangojea utamu.

Sasa chupa iko mkononi mwako. Isimamishe wima mahali pa giza na baridi siku mbili tatu kabla ya kuifungua, hasa kama imetoka kwenye ndege au imerushwarushwa kwenye basi, ili mashapo yatue. Usiitie friza. Iweke kwenye friji ya kawaida, itoe nusu saa kabla ya kunywa; ikiwa na nyuzi 10 hadi 13 inaanza kuzungumza, na ikiwa na nyuzi 3 ni bubu, utaonja uchachu peke yake bila kitu cha kuutegemeza. Kizibo kishikilie kwa kitambaa unapokifungua, maana gesi yake ni nyingi. Mimina kidogo, theluthi ya glasi ya mvinyo, kwa kuinamisha chupa taratibu bila kuirudisha wima kati ya glasi na glasi, uache kidole kimoja cha mashapo chini.

Nusa kabla ya kuonja, tena mara mbili. Harufu ya kwanza inaweza kukushtua. Wazungu wanaoandika kuhusu bia hizi husema blanketi la farasi, na mimi sijawahi kunusa blanketi la farasi maishani mwangu. Nilipoacha kulitafuta hilo blanketi nikaipata harufu yangu: vile vyombo vya maziwa vya Ankole vinavyofukizwa kwa moshi wa nyasi, ukivifungua asubuhi maziwa yamegandia ndani. Moshi kidogo, ngozi kidogo, ng'ombe kwa mbali. Ilikuwa palepale kwenye glasi. Wewe huenda ukapata nyingine, majani makavu au gunia la kahawa. Taja unachokijua.

Funda la kwanza lifanye dogo na usilihukumu. Kinywa kinapigwa na uchachu, mate yanajaa, na mtu hawezi kuonja vizuri wakati mate yanajaa. Ngoja. Funda la pili lizungushe mdomoni, lipite pembeni mwa ulimi na kwenye fizi. Hapo uliza maswali mawili. Uchachu huu unafanana na wa nini? Ukiwa mpana na laini, kama bongo, yale maziwa mgando yetu, au obushera, uji wa nafaka uliochachushwa, wa siku mbili, huo ni wa laktiki. Ukiwa umechongoka na wenye tunda ndani yake, kama ukwaju, hizo ni zabibu. Na hili la ukwaju halikuja kwa bahati: asidi iliyo nyingi ndani ya ukwaju, tartariki, ndiyo asidi kuu ya zabibu. Mtu aliyelamba ukwaju akiwa mtoto anaitambua kwa jina lake halisi. Nilifurahi sana nilipolijua hili. Niliwahi kumwambia mtaalamu mmoja wa mvinyo kwamba nasikia ukwaju, akanisahihisha kwa upole kwamba nilimaanisha cheri. Sikumaanisha cheri.

Swali la pili ni la ukakasi, ile hali ya fizi kukauka na ulimi kukwama. Hii nayo mbidde ilishatufundisha, kwani kinachokukausha ukiila ndicho hichohicho kilicho kwenye maganda ya zabibu na mbao za mwaloni: tanini. Kama unataka kujizoeza, nunua kishada cha zabibu nyekundu pale soko la Nakasero, menya moja, tafuna nyama peke yake, kisha ganda peke yake, kisha kokwa. Mimi nilifanya hivyo kwanza na zabibu za Dodoma nilizonunua safarini, na ile kokwa ilinikaza shavu mpaka tukafika kituo kilichofuata. Ukiionja bia baada ya zoezi hilo utajua ni wapi zabibu inaanza na wapi pipa linaanza.

Utajuaje kama kweli imeharibika? Rudi kwa Bibi: tafuta tunda chini ya uchachu. Ukilikuta, imechacha tu. Ukikuta siki inayochoma pua mpaka machozi, au harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, hewa imeingia, imepita, na hakuna dhambi kuimwaga. Kuna hali ya tatu ambayo watu huikimbia bure. Bia ikimiminika kwa kuvutika, kama mlenda, ni kazi ya bakteria mmoja anayeitwa Pediococcus. Haitakudhuru, ila haipendezi mdomoni. Kama unazo chupa nyingine za kundi hilo, ziache miezi kadhaa. Brettanomyces huendelea kufanya kazi ndani ya chupa na mara nyingi huusafisha ule utelezi wenyewe.

Chakula. Pilipili iondoe mezani, nasema hivi kwa uchungu wa siku ile. Kileo huchochea moto wake mpaka husikii kitu kingine. Gonja, zile ndizi tamu za kuchoma, pia hapana, kwa kuwa utamu wake huifanya bia ionekane chachu mara mbili. Inachotaka ni mafuta na chumvi. Samaki aina ya ngege wa kukaanga wanakwenda nayo vizuri, na luwombo ya kuku yenye mchuzi wa karanga ni nzuri kuliko nilivyotarajia. Lakini chakula chake hasa ni senene, wale panzi wa msimu. Novemba wanapojaa sokoni, nunua kikombe, wakaange kwa mafuta yao wenyewe na kitunguu na chumvi mpaka walie meno yanapowauma, kisha piga funda dogo. Mafuta ya senene yanafunika ncha ya uchachu, na uchachu unasafisha mafuta ulimini, na unarudi kwa mwingine, na mwingine. Sijaona jibini ya Ulaya inayoshinda hapo.

Kuhusu ukali wake, tafadhali fanya hesabu. Bia yetu ya Nile Special ya mililita 500 ina kileo asilimia 5.6, yaani mililita 28 za kileo chenyewe. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 10 ina 75. Ni karibu Nile tatu ndani ya chupa moja, na uchachu unauficha huo ukali vizuri sana. Gawaneni watu wanne. Boda iite, usiiendeshe. Mwenye vidonda vya tumbo aiache kabisa, na mjamzito vilevile. Baadaye sukutua kwa maji, wala usipige mswaki papo hapo, maana asidi imelainisha meno. Ngoja nusu saa. Na ndugu zangu msiogusa kileo, zoezi la ukwaju na zabibu ni lenu pia, halihitaji chupa.

Chupa ya saba niliifungua Desemba iliyopita, Shangazi alipokuja Kampala. Ana miaka sabini na kitu, na ndiye aliyekuwa akimsaidia Bibi kukamua. Sikumweleza chochote. Nilimpa glasi ndogo na bakuli la senene nilizokuwa nimezihifadhi. Akanusa, akanitazama, akanusa tena. Akalowesha midomo, akaiweka glasi juu ya goti na kuishikilia kwa viganja vyote viwili, akaanza kuuliza habari za watoto shuleni. Nilidhani haikumpendeza. Baada ya dakika kumi hivi akapiga funda la pili, akalishikilia mdomoni, akameza.

"Mwanangu," akasema, "hii walifunika kwa majani gani?"

Nikamweleza kuhusu pipa, mti wa mwaloni, zabibu zilizolala humo miezi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogeza glasi mbele ili nimwongezee, na akaniambia nisimimine yale mashapo, nimwachie yeye.