Umenaswa na mtego wa Englund

Pole ndugu. Kwenye chesi ulianza na askari d4 (herufi na namba ni jina la mraba ubaoni), mwenzako akajibu na wake e5, ukamla ukidhani kakosea, na hatua ya 8 malkia wake akatua c1, mchezo kwisha. Huo ni mtego wa Englund. Mimi ulininasa mara mbili usiku mmoja. Kumla askari halikuwa kosa. Kosa ni hatua ya 6: malkia wake alipokula b2, ulipeleka askofu c3 kumfukuza. Yeye akaweka askofu wake b4, na askofu wako hawezi tena kumla malkia, maana mfalme atabaki wazi. Badala ya askofu, weka farasi c3, basi. Atahangaika yeye. Na kabla hujabonyeza mchezo mpya kwa hasira, rudi hatua ya 6, uitafakari mwenyewe, kompyuta baadaye.