Limfosaiti zimeshuka baada ya mionzi ya ini: kinga imevunjika?

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 67 na anaugua saratani ya ini. Wiki sita zilizopita alitibiwa kwa mionzi ya itriamu-90, ile inayopelekwa mpaka kwenye ini kupitia mshipa wa damu. Kipimo cha damu cha juzi kinaonyesha limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu za kinga) 0.6, wakati kabla ya matibabu zilikuwa 1.4. Neutrofili ziko sawa. Nilisoma kwamba mionzi hii huamsha kinga ya mwili ipambane na saratani. Mbona naona kinyume? Na je, aanze dawa za kuzuia maambukizi?

Jibu: Marahaba. Ulichosoma ni kweli, na hicho kilicho kwenye karatasi ya vipimo ni kweli pia. Kinga inaweza kuamka ndani ya uvimbe huku hesabu ya limfosaiti ikishuka kwenye damu.

Nianze na damu, maana ndiyo iliyokutia hofu. Limfosaiti huuawa na mionzi kwa urahisi kuliko karibu seli nyingine zote. Dozi ya grei 2 (grei ni kizio cha mionzi inayofyonzwa na mwili) au pungufu huua sehemu kubwa ya seli hizo, ilhali uvimbe wenyewe mara nyingi hulengwa kupata zaidi ya grei 100. Sasa fikiria njia ya damu: ini hupitisha takriban lita 1.5 kila dakika, karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Vigololi vidogo mno vyenye itriamu vimenasa kwenye vishipa vya uvimbe, na mionzi yake hupenya wastani wa milimita 2.5 tu, ndiyo maana sehemu nyingine za mwili husalimika. Lakini nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 64, hivyo huchukua kama siku 11 kutoa karibu mionzi yote. Siku zote hizo limfosaiti za mzee zilikuwa zikipita pale, zikiguswa kidogo, zikizunguka mwilini na kurudi tena.

Kujazia zilizokufa ni kazi ya polepole. Tezi ya thaimasi, inayokomaza seli T (kundi mojawapo la limfosaiti), katika umri wake imeshasinyaa sana. Hesabu hizi huweza kuchukua miezi kupanda, kwa hiyo wiki sita bado ni mapema.

Umefanya vizuri kutaja neutrofili. Hizo ni aina nyingine ya seli nyeupe; hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, ambako mionzi hii haifiki, na ndizo ulinzi wa kwanza dhidi ya bakteria. Zikiwa sawa, sioni sababu ya kumpa antibiotiki za kinga kwa ajili ya limfosaiti peke yake. Maambukizi nyemelezi ni nadra kwa wagonjwa wa aina hii. Ila akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au maumivu ya tumbo yanayozidi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hasa kama amewahi kuwekewa mrija kwenye njia ya nyongo, kwa sababu jipu la ini linaweza kujitokeza.

Ndani ya uvimbe mambo ni mengine. Seli ya saratani ikifa kwa mionzi, protini ya kalretikulini hujitokeza juu ya utando wake, na ATP (kemikali ya nishati ya seli) humwagika nje. Seli za dendriti, ambazo ni walinzi wa kinga, huitikia ishara hizo, humeza mabaki, na kuzifundisha seli T aina ya CD8, zile zinazoua, zitambue adui. Mwaka 2019 watafiti wa Singapore walieleza katika jarida la Gut kwamba wagonjwa walionufaika kwa muda mrefu na itriamu-90 walikuwa na dalili za kuamka huko kwa kinga.

Hata hivyo uvimbe nao hujihami: huongeza protini ya PD-L1 inayozizima seli T, na huvuta seli zinazotuliza kinga. Ndiyo sababu ni nadra sana uvimbe wa mbali, ambao haukupata mionzi, kunywea wenyewe. R. H. Mole aliliita jambo hilo athari ya abskopali mwaka 1953, na mimi simwahidi mgonjwa yeyote hilo. Kuunganisha mionzi na dawa zinazozuia PD-L1, au PD-1 ambayo ni kipokezi chake kwenye seli T, ni wazo lenye mantiki, na linaendelea kujaribiwa.

Kinachonishughulisha zaidi kuliko hiyo 0.6 ni homa ya ini ya aina B. Kirusi chake kinaweza kuamka baada ya mionzi ya ini na kuliharibu ini lililokwisha kuchoka. Uliza kama alipimwa HBsAg, kipimo cha damu kinachoonyesha kirusi hicho. Ikiwa ana kirusi hicho, anapaswa kuwa kwenye dawa za kukizuia, tenofovir au entecavir, na asiache bila daktari kusema. Uliza pia kama alipewa dawa za steroidi, deksamethasoni au prednisoloni, baada ya tiba: dawa hizo nazo hushusha limfosaiti, na kama bado anazitumia, daktari wake ndiye atakayepanga namna ya kuzipunguza.