Bibi alikuwa na haki ya kumcheka

Wiki hii mmeuliza: vichekesho vya televisheni vinavyowahusu vijana wa sayansi na kompyuta, kama The Big Bang Theory, vimewaongezea vijana hao heshima au vimewageuza kichekesho? Swali nimelisoma asubuhi, mchana nikalirudia, na sasa ni usiku, nimeshindwa kulala bila kuandika. Jibu langu ni kwamba vimewageuza kichekesho. Ushahidi ninao, wa nyumbani kwetu Makorora, Tanga.

Mdogo wangu ni kipanga. Shuleni walimwita hivyo tangu darasa la nne, na kwa haki. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kasha la bati lililojaa spika zilizotoboka, mota za redio kaseti na vipande vya saketi alivyokuwa akiviomba kwa mafundi wa Ngamiani. Alizijua barabara zile za namba kwa mafundi wake: huyu anauza waya, yule anatupa televisheni mbovu, yule mwingine mkali lakini ukimsalimia vizuri anakuachia ukae utazame.

Mwaka 2012, alipomaliza kidato cha sita, alikwenda kwenye kibanda cha kuingiziwa muvi kwenye flashi akarudi na sizoni nne za kwanza za tamthilia hiyo. Kwa asiyeijua: ilianza kuonyeshwa Marekani na CBS mwaka 2007, inawahusu wanafizikia wawili, Sheldon na Leonard, wanaoishi nyumba moja huko Pasadena, California, na vilevile rafiki zao Howard na Raj. Jirani yao wa mlango wa pili ni Penny, binti anayehudumu mgahawani.

Tukawa tunaitazama sebuleni baada ya isha, nyumba nzima. Kiingereza chetu kilitofautiana, hivyo tukasaidiwa na kile kicheko kinachosikika nyuma. Wakicheka na sisi tunacheka. Mdogo wangu hakuwa akicheka nasi. Alicheka mahali penye kimya, peke yake, halafu tulipoangua kicheko yeye alitutazama. Ukitokea ubao wa Sheldon wenye hesabu, alisimamisha picha akausogelea mpaka pua inakaribia kioo. Alitueleza kwamba hesabu zile si michoro tu, kuna mwanafizikia wa chuo cha UCLA, David Saltzberg, aliyekuwa akihakikisha kuwa ni za kweli. Alisema hivyo kwa furaha kubwa, kama mtu aliyesikia jina la kijiji chao likitajwa redioni. Mjomba akamwambia akae chini, anaziba televisheni.

Siku chache baadaye mdogo wangu akawa Sheldon. Aliyeanza kumwita hivyo ni mjomba, wakafuata binamu zetu, kisha watoto wa mtaa ambao hata hawakuwa wameitazama. Wanaoijua wanakumbuka Sheldon anavyogonga mlango wa Penny: anagonga mara tatu, anataja jina, anarudia hivyo mpaka yatimie matatu. Basi mlango wa mdogo wangu ukawa unagongwa hivyo asubuhi, mchana na usiku. Kwenye mkeka alizoea kukaa upande wa dirishani, kwa kuwa ndipo waya wa chaji ulipofika. Kwa sababu Sheldon ana mahali pake kwenye kochi asipopaachia mtu, ikawa kila akiingia kuna mtu amekwisha kaa pale anamsubiri akasirike. Wiki ya kwanza alicheka. Ya pili akaanza kukaa popote. Ya tatu nikaona chumba chake kiko wazi mchana kutwa, nikamuuliza kwa nini hafungi, akanijibu: "Ukiwa wazi, dada, hakuna cha kugonga."

Mlango ule ndio ulionifanya niandike leo.

Lakini kabla sijaendelea niseme la bibi yetu, maana yeye alimcheka kuliko sisi sote. Bibi mzaa baba alimwita "mume wangu", kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Alikuwa na redio ya betri yenye mkanda wa ngozi, haimtoki kichwani pa kitanda. Jioni moja ikanyamaza. Mdogo wangu akaifungua juu ya sinia, akawasha chuma chake cha kuchomea risasi, moshi wenye harufu ya utomvu ukajaa barazani. Bibi akaketi mbele yake na kikombe cha chai ya tangawizi, akaanza: "Mume wangu huyu ameoa waya. Usiku ananigeuzia mgongo anazungumza na betri. Nikifa mtamkuta anauliza maiti ina volti ngapi." Sisi tulicheka mpaka tukashika mbavu, na yeye bila kuinua macho akajibu: "Huyu mke mwenzio simtoi, hajaniomba kitenge hata siku moja." Bibi alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sinia, karibu na skrubu. Wakaziokota wote wawili, moja moja, wakizihesabu. Zilikuwa sita. Redio ikalia, taarifa ya habari ikiwa katikati, na bibi akamshika kichwa akamwombea dua ndefu kuliko ukarabati wenyewe.

Sasa mtu ataniuliza, bibi na mjomba tofauti yao nini, wote si walimcheka? Tofauti ni utani. Sisi tuliolelewa huku tunajua utani una wenyewe na una masharti. Mtani wako anakusema, na wewe unamsema, hakuna wa kununa. Na mtani ndiye anayekuja msibani kwako kabla ya wengine. Bibi alimpa mdogo wangu nafasi ya kujibu, na kila alipomcheka alikuwa anatazama mikono yake inafanya nini. Mjomba na binamu hawakungoja jibu. Waligonga mlango wakakimbia. Hiyo ni dhihaka, na dhihaka hata ikivaa kanzu ya utani itajulikana tu.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa na sentensi tayari: kicheko kile cha nyuma ni cha watu ambao hawatakuja msibani kwako. Niliamini hata kwamba ni kicheko cha mashine. Mdogo wangu alikwisha nisahihisha zamani: waliokuwa wakicheka ni watu, watazamaji walioketi studio huko Burbank wakati wa kurekodi. Hilo limenipunguzia kasi kidogo.

Na kuna jingine nililolisahau mpaka nimefika hapa. Kipande alichokipenda kuliko vyote ni cha Krismasi, cha mwaka 2008. Sheldon anasikia Penny atampa zawadi, anafadhaika. Kwake zawadi ni deni, lazima arudishe kitu chenye thamani ileile. Anakwenda kununua vikapu vya sabuni na manukato, vikubwa kwa vidogo, akiona ya Penny atatoa kinacholingana, vilivyobaki atarudisha dukani. Penny anampa kitambaa cha mezani alichofutia mdomo Leonard Nimoy, yule mwigizaji wa Spock kwenye Star Trek, kikiwa na sahihi yake. Sheldon anakwenda chumbani, anarudi na vikapu vyote, anaona bado havitoshi, mwisho anamkumbatia, yeye asiyependa kuguswa.

Marekani wanacheka kwa sababu Sheldon anapiga hesabu ya zawadi. Kwetu Makorora shangazi hakucheka. Alisema: "Kijana ana akili huyo." Nani hapa Tanga hana daftari la michango? Fulani alitoa kiasi gani harusi ya mwanangu, nami wake akiolewa nitafungua ukurasa nitazame. Kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilikuwa upande wa Sheldon, na mdogo wangu akakaa mahali pake pa dirishani bila mtu kumsumbua. Nakumbuka vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyemsogezea waya.

Waandishi walioandika kipande kile hawakumdharau mtu wao. Hata mwisho wake wa mwaka 2019, baada ya sizoni 12, walimpa Sheldon na mkewe Amy tuzo ya Nobel, na hotuba yake akaitumia kuwashukuru rafiki zake.

Jioni hii nimempigia simu mwenyewe. Yuko Dar es Salaam, anafanya kazi za mitandao ya kompyuta, ana mke asiyemwonea wivu redio. Nimemsomea swali lenu. Akafikiri, akasema: "Tamthilia sikuwahi kuichoka, dada. Nilichoka kugongewa mlango."

Basi kura yangu niandikieni upande wa heshima, ingawa juu nimeandika kinyume, na sitafuta. Masharti ninayo. Vichekesho vya lafudhi ya Raj na India yake siviingizi humo, vile mtu wa pwani anayevijua vikisemwa juu yake mwenyewe hawezi kuvihesabu utani. Wala sizungumzii The IT Crowd, tamthilia nyingine ya namna hii ya Waingereza, ambayo nimeona vipande vichache tu. Na mjomba wangu, ambaye najua husoma ukurasa huu, namwamkia shikamoo, namwomba safari ijayo kijana akija likizo agonge mara moja.